UZI: Siku tano Northumberland, kule barabara inakomezwa na bahari

Mtoto wa Wete

Wakuu, salaam aleikum na habari za saa hizi.

Mtu wetu yeyote aliyeko Uingereza, ukimuuliza ametembea wapi, atakutajia London, Birmingham, Leicester, na Manchester kwa ajili ya mpira. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na moja Leicester, na safari yangu ya mbali kuliko zote ilikuwa harusi ya watu Bradford. Juni 2025 mama watoto akasema likizo hii hakai ndani kuangalia ukuta. Basi tukajibana mimi na yeye, dada yake na mwanyumba wangu, mtu wa Mwanza mwenye gari kubwa, tukapanda na barabara ya A1 kwenda kaskazini mpaka England inakaribia kwisha. Northumberland ndiyo kaunti ya mwisho. Ng'ambo yake ni Uskoti.

Nianze na aibu yangu, maana mwanyumba ameshaitangaza kwenye kundi la familia.

Kuna kisiwa kinaitwa Lindisfarne, wenyeji wanakiita Holy Island. Unaingia kwa barabara ya lami iliyojengwa mwaka 1954 juu ya mchanga. Maji yakitoka unapita na gari lako kama unakwenda sokoni. Yakijaa, barabara hakuna. Ni hivyo mara mbili kila siku ya Mungu. Halmashauri ya kaunti inatoa jedwali la saa salama za kuvuka, na kazi ya kulisoma nilipewa mimi kwa kuwa ndiye mtu wa pwani. Nikasoma mstari wa wiki inayofuata.

Tulifika upande wa bara saa saba na nusu mchana. Lami inateremka taratibu, mstari mweupe umechorwa katikati kama barabara yoyote, halafu mstari unaingia majini na hautoki tena. Hakukuwa na wimbi hata moja. Maji yalikuwa yanakuja kimya kimya kutoka kulia na kushoto, yanakutana katikati ya lami, yamebeba majani makavu na povu jembamba. Kwa mbali kuna kibanda cha mbao kimesimama juu ya miguu mirefu, kina ngazi. Hapo ndipo unapokimbilia ukikwama. Gari unaliaga.

Mwanyumba, mtu wa ziwa ambalo halijui kujaa wala kupwa, akazima injini akanigeukia: "Wewe si ndiye ulisema umezaliwa baharini?"

Kilichoniuma si maneno yake. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeutazama mwezi dirishani, mpevu, mzima. Bibi yangu Wete hakuwa na jedwali wala saa ya mkono. Mwezi mpevu ni bamvua: asubuhi maji yanatoka mbali, wanawake wanashuka kuchokoa pweza, alasiri yanarudi mpaka kwenye mashina ya mikoko. Ningehesabu kwa mwezi kama bibi, ningejua kuwa mchana ule maji yanapanda. Bahari ya Kaskazini ilikuwa inanifanyia vilevile kama ya nyumbani, mimi nikaenda kusoma simu.

Tulikaa pale saa nne na nusu. Nitaendelea, chakula kimeiva.

Kamchape

Yakhe umetuaibisha watu wa pwani wote 😂😂 Ungekwama na gari je?

Mtoto wa Wete

@Kamchape, mzee mmoja aliyekuwa ameegesha kando yetu na chupa yake ya chai alinijibu swali hilo kabla sijauliza. Wanaojaribu hawakosekani. Boti ya uokoaji ya Seahouses inaitwa, watu wanaokolewa, gari linabaki kunywa chumvi. Akanimiminia chai. Haina sukari, lakini nilikunywa.

Saa kumi na mbili jioni lami ikaanza kuonekana tena, inang'aa, ina mwani juu yake. Magari yaliyokuwa yamefungiwa kisiwani yakatoka kwa foleni, sisi tukawa tunaingia. Kwa kosa langu tukapata kisiwa kitupu. Juni kule jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo tulikuwa na mwanga wa kutosha.

Kuna magofu ya nyumba ya watawa, mawe mekundu yaliyoliwa na upepo. Mtawa Aidan alikuja mwaka 635 kutoka kisiwa cha Iona kwa mwaliko wa mfalme Oswald, akaanzisha dini hapo. Baadaye akaja Cuthbert, ambaye wanamheshimu mpaka leo. Bata wa baharini wa huko wanaitwa kwa jina lake, kwa sababu inasemwa aliwakataza watu kuwadhuru. Mwanzoni mwa karne ya 8 watawa wa hapo waliandika Injili kwa mkono juu ya ngozi za ndama, na kitabu chenyewe kiko London kwenye British Library. Mwaka 793 Waviking wakashuka kutoka baharini, wakaua na kupora. Mtawa hana silaha na kisiwa hakina boma, ungetegemea nini.

Lakini nilichokipenda mimi ni mashua. Mashua kuukuu za kuvulia samaki wanazipindua, zinapakwa lami, zinawekwa mlango, zinakuwa stoo za nyavu. Mke wangu akasema baba yake angelia, mashua hailazwi kifudifudi mpaka imekufa. Nikamwambia hizi zimekufa, ila wamezizika juu ya ardhi.

Halafu tukasikia sauti. Tulidhani kuna msiba mahali. Kumbe ni sili, wale wanyama wa baharini, wamelala kwenye fungu la mchanga ng'ambo, wanaomboleza kwa pamoja.

Mnyamwezi Halisi

Mkuu, nimesikia kisiwa hicho wana kinywaji chao cha asali. Kweli?

Mtoto wa Wete

Kweli, kinaitwa mead na kinauzwa hapo hapo. Mimi si mtu wa vitu hivyo. Mwanyumba alionja, akatulia kidogo, akasema: "Hii wanzuki."

Mnyamwezi Halisi

Wanzuki!! Tabora tunaichemsha kwenye ndoo, wao wanaweka kwenye chupa na karatasi ya dhahabu. Haya tuendelee.

Dada Kisauni

Naomba kuuliza wazi. Watu wa huko vijijini wanawaonaje weusi? Maana mimi niko Kent na kuna sehemu ukiingia dukani wote wananyamaza.

Mtoto wa Wete

Swali zuri dada yangu na sitalipaka sukari. Kaunti hiyo watu ni wachache sana, na weusi tulikuwa sisi tu karibu kila mahali. Wanatazama. Ila wanatazama halafu wanasalimia, jambo ambalo Leicester sijalizoea. Lahaja yao ngumu, "canny" ni kitu kizuri na "howay" ni twende, mengine niliitikia tu kwa kichwa. Nyumba moja ya wageni tuliyokuwa tumelipia usiku wa kwanza, tulipofika mlangoni ghafla nafasi yetu ikawa imepotea. Pesa zilirudi. Siwezi kuapa kuwa ni rangi, wala siwezi kuapa kuwa si rangi. Tukapata nyumba Seahouses kwa mama mmoja mwenye paka watatu, akatuachia hadi ufunguo wa jiko.

Kamchape

Chakula? Halali inapatikana?

Mtoto wa Wete

Nyama tulibeba kwenye kisanduku cha barafu kutoka Leicester. Lakini nani anakula nyama pwani? Ngoja niwaambie kuhusu Craster.

Ni kijiji kidogo cha wavuvi chenye bandari ambayo ukirusha jiwe linavuka. Hapo kuna nyumba ya kukaushia samaki kwa moshi, ya familia ya Robson. Samaki ni heringi: anapasuliwa mgongoni, analowekwa maji ya chumvi, anatundikwa kwenye kulabu, halafu chini yake wanarundika unga wa mbao za mwaloni uwake bila kutoa ndimi. Moshi tu, usiku kucha, mpaka saa kumi na sita. Asiyejua akipita nje atadhani nyumba inaungua, moshi unatokea kwenye matundu ya paa. Kuta za ndani ni nyeusi zinang'aa kama sufuria ya pilau ya harusi, utomvu wa moshi wa vizazi vizima umegandia. Samaki anatoka na rangi ya shaba. Tulimla na mkate na siagi tumekaa kwenye ukuta wa bandari, mafuta yanachuruzika mpaka kiwikoni. Koti langu lilinuka moshi mpaka tunarudi nyumbani. Mama alipopigiwa simu ya video akauliza mmepikia kuni?

Kosa lao ni moja tu, hawana ndimu wala pilipili. Nawashauri mbebe zenu.

Kutoka hapo unatembea kama kilomita mbili kando ya bahari, katikati ya kondoo, mpaka magofu ya ngome ya Dunstanburgh. Alianza kuijenga mtawala mmoja, Thomas wa Lancaster, mwaka 1313 ili kumwonyesha mfalme ubabe. Mwaka 1322 mfalme akamkata kichwa. Ngome imebaki meno mawili juu ya jabali.

Fundi Saa

Hivi huko si ndiko walikotoka akina Charlton?

Mtoto wa Wete

Ndiko mkuu. Ashington, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Jack alizaliwa 1935, Bobby 1937, wote wawili wakacheza fainali ya Kombe la Dunia 1966. Na Jackie Milburn wa Newcastle alikuwa binamu ya mama yao, naye wa hapo hapo. Machimbo yamefungwa, kuna makumbusho pale Woodhorn. Treni za abiria zilirudi Ashington Desemba 2024 baada ya miaka mingi, kwa hiyo unaweza kwenda kutoka Newcastle bila gari.

Ukitaka kichekesho cha mpira nenda Berwick. Mji uko England lakini timu yake, Berwick Rangers, inacheza ligi za Uskoti. Mwaka 1967 waliitoa Rangers ya Glasgow kwenye kombe, 1-0. Mji wenyewe Waingereza na Waskoti walinyang'anyana mara nyingi mpaka 1482 England ikaushika moja kwa moja. Kuta za ulinzi bado zipo, unazunguka mji mzima juu ya kuta.

Msomi wa Kigamboni

Mleta uzi, usiwasahau Waafrika waliotutangulia huko. Ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi, ulianza kujengwa mwaka 122, kutoka bahari hadi bahari, kilomita 117 hivi. Pale Corbridge kuna jiwe lenye jina la Lollius Urbicus, gavana wa Kirumi wa Britania, na huyo alikuwa mtu wa Numidia, Algeria ya leo. Halafu kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna huko Libya, alikuja na jeshi mwaka 208 na akafia York 211. Kwa hiyo mkienda msitembee kinyonge.

Mtoto wa Wete

Umenipa elimu, hilo la jiwe sikulijua na Corbridge tulipita bila kusimama. Ukutani tulikwenda kwa basi, na namba yake AD122, wenyewe wana utani. Upepo ulikuwa wa kuvua kilemba. Tulipita Sycamore Gap, lile bonde la mti maarufu, ule uliokatwa usiku mmoja wa Septemba 2023. Waliofanya hivyo ni wanaume wawili, na mwezi uliofuata safari yetu walifungwa miaka minne na miezi mitatu kila mmoja. Watu wanakuja kutazama mahali ambapo mti haupo. Kisiki kimetoa machipukizi.

Ila kwangu mimi Vindolanda ndiyo ilinishika. Ni kambi ya kijeshi karibu na ukuta, na udongo wake chepechepe umehifadhi barua za vibao vyembamba vya mbao, wino juu yake, za miaka 1,900 iliyopita. Walianza kuziokota 1973. Mke wa afisa mmoja, Claudia Severa, anamwalika mwenzake Sulpicia Lepidina kwenye siku yake ya kuzaliwa, na mwishoni ameongeza maneno kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu juu aliandika karani. Barua nyingine inataja soksi na chupi alizotumiwa askari. Mke wangu alisimama hapo muda mrefu. Mwaka wake wa kwanza Uingereza mama yake alimtumia soksi za sufu kutoka Chake Chake, duka la mitumba. Soksi za mitumba, zimetoka Ulaya, zinarudi Ulaya kwa DHL.

Dada Kisauni

🤣🤣🤣 Kina mama ni wale wale.

Mpenda Kwao

Samahani lakini mimi sielewi. Pesa zote hizo kwenda kuangalia magofu na baridi. Si ungeongezea ukaja nyumbani, Pemba kuna Vumawimbi, kuna Misali, maji ya moto.

Mtoto wa Wete

Nauli ya watu wawili kuja Pemba naijua kuliko wewe, ndugu yangu. Tuliyotumia siku tano pale haitoshi hata kukata tiketi moja. Na ukitaka nafuu zaidi acha gari: basi la X18 linatoka Newcastle, linapita Alnwick na Seahouses mpaka Berwick, na mwaka 2025 nauli ya mabasi mengi England haikuzidi pauni tatu kwa safari. Kisiwani kuna basi 477 kutoka Berwick. Ratiba yake inafuata maji, dereva hana kosa kama langu.

Mama Nyonyo

Mimi nimefika Alnwick na wanangu. Waliona ngome ya ukoo wa Percy, wako hapo tangu 1309 na bado wanaishi. Mimi nikaenda kwenye bustani ya sumu. Geti la chuma limechorwa fuvu, unaingia na mwongozaji, unaambiwa usiguse, usinuse, usionje. Nikasogea kuona hayo mauaji. Mmoja wapo ni mbarika! Mnyonyo! Ule unaoota wenyewe nyuma ya choo cha bibi Korogwe, tunakamua mafuta tunampaka mtoto kichwani. Nikacheka peke yangu wazungu wakanishangaa.

Mtoto wa Wete

Mbegu yake ina sumu kali kweli mama, mafuta ndiyo salama. Lakini nakubali, fuvu kwa ajili ya mnyonyo ni heshima kubwa.

Ng'ombe ni Mali

Nasubiri mtu ataje ng'ombe wa Chillingham. Weupe, masikio mekundu, hawakamuliwi, hawashikwi na mtu, hawachanjwi. Wamefungiwa kwenye uwanja wao mamia ya miaka wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Baridi ya 1947 iliwaua wakabaki 13, leo wamepita mia. Mfugaji wa Kisukuma anasema hiyo haiwezekani, madume yangeharibu ukoo. Imewezekana.

Mtoto wa Wete

Mwanyumba wangu ndiye alitupeleka kwa nguvu! Alisimama kwenye uzio nusu saa anawahesabia bei.

Nimalizie na Farne, maana boti ndiyo ilinirudishia heshima. Visiwa vya Farne viko mbele ya Seahouses, mnakwenda kwa boti. Kuna pafini, ndege mfupi mweusi na mweupe, mdomo wa rangi kama amevaa kinyago, anarudi na visamaki vimepangwa mdomoni kama sindano. Kisiwa cha Inner Farne kilifungwa kwa wageni kwa sababu ya mafua ya ndege, kikafunguliwa tena 2024. Buabua wa Aktiki wanataga kando ya njia na ukipita wanakudonoa utosini mpaka damu, tuliambiwa vaeni kofia. Mimi nilikuwa na kofia yangu ya vito. Imetobolewa sehemu mbili, sitaishona.

Njiani bahari ikachafuka. Wenzangu wote watatu waliinama ukingoni mwa boti, mwanyumba wa kwanza. Mimi nilisimama. Nahodha akauliza natokea wapi, nikamwambia kwetu tunavuka kwenda Unguja kwa mashua. Akaniita nikae karibu na usukani, akanionyesha mnara wa taa wa Longstone.

Hapo ndipo alipokuwa akiishi Grace Darling, binti wa mlinzi wa taa. Alfajiri ya tarehe 7 Septemba 1838 aliona dirishani meli ya Forfarshire imevunjika juu ya mwamba. Yeye na baba yake wakashusha mashua ya makasia kwenye bahari ile iliyochafuka, ilibidi wazunguke visiwa kwa upande wa kinga. Baba aliporukia mwambani kupanga watu, binti alibaki peke yake anaishikilia mashua isigonge jiwe, kasia mbili, mawimbi. Watu tisa wakaokolewa kwa safari mbili. Alikuwa na miaka 22. England nzima ikamwandikia barua, wakamwomba hadi vipande vya nywele. Alikufa kwa kifua kikuu 1842, akazikwa Bamburgh, na makumbusho yake yako mtaa huo huo.

Watu wanasifia moyo wake. Mimi nilikuwa natazama ule mwamba nikiwaza mikono yake. Kushikilia mashua mahali pamoja kwenye mkondo ni kazi ngumu kuliko kuvuta makasia, muulize mvuvi yeyote wa Wete.

Jirani wa Tyne

Niko Newcastle. Mkija, shukeni South Shields, ni kaunti ya jirani lakini treni ya metro inafika. Mabaharia wa Yemen walianza kulowea hapo zaidi ya miaka mia iliyopita, waliajiriwa melini kulisha makaa. Muhammad Ali alikuja 1977 na mkewe, ndoa yao ikaombewa dua kwenye msikiti wa hapo. Nyama ya halali ipo, na mbele ni bahari. Mtoto wa Wete, ukirudi nitafute, tutakwenda wote kisiwani.

Mtoto wa Wete

Inshallah, Aprili. Jedwali utasoma wewe.

Mwanyumba wa Mwanza

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Hajawaambia kuwa ile asubuhi nilimuuliza mara mbili "una uhakika?" akanijibu maji haya nimezaliwa nayo.

Kamchape

😂😂😂 Mods, uzi huu uwekwe juu.